Kesho Tunaanzia Hapa

Watu wengine ukiulizwa habari yao unaanza na kwao ni wapi, baba yake nani, ukoo gani. Huyu sijui. Alisema tu anatoka bara, na kwetu bara ni mahali popote penye majani mabichi na watu wa kula ugali. Tulimwita Mwalimu, basi, kama vile dunia nzima ina mmoja. Na kwetu kweli alikuwa mmoja. Shida yote ilianzia hapo.

Nina hasira naye. Nasema mapema ndio usisome ukingoja mahali nitaanza kulia.

Shule yetu iko kando ya njia ya kwenda Sangailu, mbali na Garissa kiasi kwamba gari ikipita watoto wanatoka nje kuiangalia. Mimi nilimaliza darasa la nane hapo bila mwalimu wa Kiingereza, nikaishia hapo. Dada yangu Hodan amemaliza gredi ya tisa juzi, kuta zile zile, ubao ule ule, bila mwalimu wa Kiingereza. Sababu ya yote mawili ni huyu mtu mmoja. Kwa hiyo kwa miaka yote hii nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza siku nikimpata: utarudi ama hurudi?

Lakini wacha kwanza umjue.

Alikuwa mfupi, shati ndani ya suruali hata jua likiwa la kuchemsha chai. Alivaa viatu vya kamba katika mchanga ambao sisi tunavaa ndala. Kila asubuhi alivipiga rangi, na kufika darasani vilikuwa vimekuwa vyekundu tena, na kesho yake anapiga rangi tena. Ukimwangalia ungesema huyu mtu hashindwi. Mimi nilimwangalia hivyo. Nilikuwa mjinga.

Kitu chake kikubwa kilikuwa kufundisha maneno. Alisema Kiingereza hakibebwi neno moja moja kama kuni, utachoka. Unashika mwanzo wa neno, huo mwanzo unavuta mengine yote. Mwanzo wake aliopenda kuliko yote ulikuwa "re". Akaandika ubaoni herufi mbili, kubwa, akatuuliza hii ni nini. Akasema, "Huyu ni punda."

Akatutoa nje. Mkokoteni wa baba yangu ulikuwa getini, baba aliuzia shule maji. Mwalimu akamfungua punda, akasema, "Mkokoteni bila punda ni mbao. Punda bila mkokoteni ni kelele. Sasa angalia." Akatuambia tupakie mitungi. Hiyo ni "load". Tukashusha. Akamfunga punda tena, akasema pakieni mara ya pili. Hiyo ni "reload". Halafu tukapeleka mitungi nyumbani kwake, tukajaza pipa lake. Hiyo ikawa "refill".

Baba alikuwa amesimama na fimbo yake. Akaniuliza usiku tukinywa chai, "Warya, kijana, hii mwalimu yenu anasomesha ama anabeba maji?"

"Zote mbili, aabo."

"Basi ni mtu ya akili," baba akasema.

Alikuwa hivyo. Kila neno lilikuwa na kazi yake, na kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kwake. "Rebuild" tulijifunza kwa kusimamisha tena ua wa jikoni kwake ulioangushwa na mbuzi. "Rewash", shati lake. "Rewrite", hapo ndio kidogo kazi ilikuwa yetu. Wazazi wengine walinung'unika, lakini nakuambia ukweli, hakuna mtoto wa darasa lile amesahau neno hata moja. Mgongo hausahau. Uniamshe sasa hivi nitakwambia "reheat" ni chai ya Mwalimu iliyopoa akifundisha.

Mimi nilikuwa mdomo wa darasa. Siku moja nikainua mkono. "Mwalimu, 'remember' ni kuwa member mara ya pili?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Rafiki yangu wa nyuma akaongeza, "Na 'red' je, Mwalimu? Ni 'd' mara ya pili?"

Hakucheka. Alikuwa hacheki mbele ya watu. Alininyooshea chaki. "Wewe Redio, kuna siku huo mdomo utakuletea mambo. Si leo. Leo utajaza pipa." Nikaitwa Redio tangu hapo, hata mama akaanza kuniita Redio, na pipa nikajaza.

Lakini nilimwona. Alipogeuka kufuta ubao mabega yalikuwa yanatingishika.

Alikuwa na sheria ya kengele. Walimu wa bara kwingine wanamvalisha mtoto kibao shingoni akiongea lugha ya mama. Yeye alitafuta kitu cha kwetu: kengele ya mbao ya ngamia, ile inayogonga ko-ko-ko ndio usimpoteze malishoni. Ukiongea Kisomali darasani unaivaa mpaka umshike mwingine akiongea. Bibi yangu aliponiona natoka shuleni nagonga hivyo aliuliza, "Nilileta shule mtoto ama ngamia?" Alitaka kwenda kumpiga na bakora. Tulimshika mkono. Leo najiuliza kwa nini tulimshika.

Halafu mtu huyo huyo mwenye sheria alijifunza Kisomali kimya kimya ili anunue maziwa. Hodan alikuwa bado mdogo, ndiye alimpelekea maziwa ya ngamia asubuhi. Siku moja katikati ya somo Hodan akatokea mlangoni na kibuyu, na Mwalimu bila kufikiria akamwambia, "Kaalay, kaalay," yaani njoo.

Aliyekuwa amevaa kengele akasimama, akaivua, akatembea polepole mpaka mbele, akamnyooshea. Tulidhani atatutoa ngozi. Akaichukua. Akavaa juu ya tai. Akafundisha mpaka jioni, kila akigeukia ubao, ko. Akiinama kuokota chaki, ko-ko. Kesho yake tukajaribu kumtega aongee tena lakini hakuanguka mara ya pili.

Ndio maana nina hasira. Angekuwa mbaya tu, ningesahau. Kwetu wamepita walimu wabaya, nani anawakumbuka? Huyu alikuwa na mkono wa kushika watoto, akatushika, halafu akafungua mkono.

Ramadhani alifunga na sisi. Mtu wa kanisa, hakuna aliyemwomba. Alisema hawezi kula mbele ya watoto wenye njaa. Halafu saa sita anajifungia stoo ya vitabu "kuhesabu vitabu", na tukisikiliza mlangoni tunasikia maji yanaingia kooni, glu, glu, glu. Tulijua. Yeye alijua tunajua. Akitoka anafuta mdomo na anasema, "Vitabu vyote viko." Nasi tunasema, "Alhamdulillahi, Mwalimu." Huo ulikuwa uongo wa heshima, haukuuma mtu. Ule mwingine ndio uliuma.

Na kila siku, kila siku, kengele ya kwenda nyumbani ikilia, alichora mstari chini ya neno la mwisho ubaoni, akapiga chaki pale, tap, akasema, "Kesho tunaanzia hapa." Hakuwa anasema kwaheri. Hata Ijumaa alisema kesho, na wote tunajua kesho ni Jumamosi. Sisi tuliishi kwa hilo neno. Kwetu mambo hayaanzii mahali yaliachia. Kisima kinachimbwa, kinaachwa, wanakuja wengine wanachimba kingine kando. Barabara hivyo hivyo. Huyu peke yake ndiye alikuja kesho na kuanzia kwenye mstari.

Muhula wa pili wa darasa la nane, habari zikaanza. Kule mbele, upande wa mpaka, nyumba ya walimu wa bara ilipigiwa risasi. Tukasikia watu wa bara wanaondoka, fundi, daktari, mwenye duka la dawa. Mwalimu akawa anafunga mlango jua likiwa bado juu. Viatu havikupigwa rangi tena. Mzee mmoja wa kijiji alimwambia mbele yetu, "Mwalimu, wewe ni mgeni ya Mungu, hakuna mtu atakugusa." Mwalimu akasema asante sana mzee, na macho yake yalikuwa yanaangalia barabara.

Sikatai hofu yake. Nisikilizwe vizuri hapo. Hata mimi ningeogopa, na mimi hapa ni kwetu, nina wajomba kila kichaka. Mtu akisema naondoka nisife, tutampa maji ya njiani na dua. Watu wa kwetu wanajua kuhama kuliko mtu yeyote. Tungemsindikiza.

Alichofanya ni hiki. Asubuhi akaja darasani, akaandika "reload", akachora mstari. Akasema, "Leo tunarudia hili kwa vitendo. Redio, lete mkokoteni wa mzee wako."

Nikakimbia. Nikaleta. Nilikuwa na furaha sana kwa sababu nilikuwa natoroka hesabu.

Akasema leo tutapakia vitu vya nyumbani, mitungi tumezoea. Tukapakia godoro. Tukapakia jiko, sufuria, redio yake ya betri, sanduku la chuma, picha ya mama yake imefungwa na shuka. Tukiimba. Wallahi tulikuwa tunaimba. "Load! Load!" Wasichana wanapanga vyombo, wavulana tunafunga kamba. Tulienda naye hadi barabarani, na pale kulikuwa na lori la mbuzi linaenda Garissa, injini inanguruma. Akasema shusheni. Tukashusha: "Unload!" Akasema pakieni kwenye lori. Na sisi darasa zima, kwa sauti moja, kama watoto walioshinda mpira: "Reload!"

Akapanda mbele. Akatoa kichwa dirishani. Akasema, "Kesho tunaanzia hapa."

Lori likaenda. Na sisi tulikaa barabarani pale. Tulimngoja. Tulidhani lori linazunguka, litarudi, tushushe tena, tuandike sentensi. Rafiki yangu akasema, "Hii somo ni refu leo." Tukacheka. Jua likawa kali, mmoja mmoja wakaanza kukaa chini ya mkokoteni wa baba. Ni baba ndiye alikuja, akaangalia mkokoteni mtupu, akaangalia alama za lori, akatuangalia sisi. Akamshika punda akamgeuza.

Mwalimu mkuu, mtu wa kwetu, aliyefundisha hesabu na kila kitu kingine kilichobaki, alikuja kufuta ubao. Tukamzuia. Tulisema Mwalimu alisema tunaanzia hapo. Mwalimu mkuu akashika ile duster kifuani muda mrefu, akaenda. Neno lilikaa pale mpaka upepo ukalifuta wenyewe. Mtihani ulipofika tulikuwa bado kwenye neno hilo moja.

Basi. Miaka ikapita. Baba akachoka mgongo, mkokoteni ukawa wangu. Ile kengele ya mbao iliachwa kwenye meza ya darasa, nikaichukua, sasa anaivaa punda wangu. Maneno niliyokuwa nayo nilimpa Hodan kwenye mkokoteni tukienda kuteka maji, na yalipoisha yakaisha. Alikuwa ananiuliza, "Walaal, mengine yako wapi?" Namwambia yako Garissa. Kwa sababu tulisikia yuko Garissa, mjini, shule yenye ukuta na lami mlangoni. Hakufika mbali hata! Angekuwa amerudi kwao bara labda ningenyamaza. Alikuwa saa chache tu kutoka kwetu.

Mwaka huu Hodan akafika mtihani wa gredi ya tisa. Asubuhi ya Kiingereza nikapeleka maji shuleni. Gari ya polisi ilikuwa imesimama, askari wawili na bunduki, na kati yao mtu mfupi, shati ndani ya suruali, ameshika mfuko wa karatasi za mtihani uliofungwa. Viatu vyake vinang'aa.

Msimamizi. Wamemleta kusimamia. Miaka yote hii wa kufundisha hakupatikana, lakini wa kuangalia watoto wasiibie majibu ya somo ambalo hakuna aliyewafundisha, huyo alipatikana, akaletwa na gari, na petroli, na bunduki mbili.

Watoto walipomaliza karatasi ya kwanza, akatoka kusimama kivulini. Nilikuwa namwaga maji kwenye tangi. Kengele ya punda ikagonga. Akageuka haraka kama mtu aliyeitwa jina.

"Redio," akasema. "Bado unaongea?"

"Bado, Mwalimu. Na wewe bado unakimbia?"

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Umekuwa mkubwa," Mwalimu akasema.

"Mtu akikaa mahali pamoja anakua."

Akaangalia viatu vyake. "Nani wako yuko ndani?"

"Hodan."

"Wa maziwa?"

"Unamkumbuka."

"Nawakumbuka wote."

"Hiyo ndiyo mbaya," nikamwambia. "Mimi nilikuwa najipa moyo kwamba umesahau."

Nikaona mlango wa swali langu, nikaingia. "Mwalimu, sina maneno mengi leo. Utarudi ama hurudi?"

"Si mimi naamua. Ni ofisi."

"Ofisi imekuleta leo na askari. Waambie wakulete na hawa hawa Jumatatu, ufundishe."

"Mtihani una ulinzi, Redio. Masomo hayana." Alisema hivyo polepole, kama mtu anakutajia bei ya sukari dukani: ni hiyo, hata yeye haipendi.

"Na siku ile? Kwa nini hukusema? Tulikupakia tukiimba."

"Ningesema, mngeniambia nikae."

"Eh. Tungekuambia."

"Na ningekaa." Akainua macho. "Ningekaa, na labda leo ungekuwa unaongea na kaburi."

Jibu hilo likaniongezea hasira, kwa sababu lilikuwa la kweli na bado halikunisaidia. Ndani ya darasa Hodan alikuwa anangoja karatasi ya pili na maneno yale niliyompa mimi, yaliyokwisha katikati ya njia.

Mvua ilianza karatasi ya pili ikiendelea. Mvua yetu ukiicheka asubuhi jioni inakucheka. Kati ya shule na barabara kuna laga, mto wa mchanga ambao mwaka mzima mbuzi wanalala ndani, na siku ya mvua unakumbuka kwamba ni mto. Dereva aliogopa kukwama, akavusha gari mapema hadi ng'ambo akangojea huko. Watoto walipomaliza, maji yalikuwa ya magoti na matope juu yake. Mfuko ukilowa, mtihani wa shule nzima umeenda. Na mkokoteni ulikuwa mmoja.

Mwalimu mkuu akaniangalia tu. Hakuhitaji kuomba.

Nikaweka mfuko juu, katikati, nikaufunika na turubai yangu mara mbili. Nikamwambia askari mmoja apande aushike. Akapanda. Mwalimu akaweka mkono kwenye ubao wa mkokoteni, akainua mguu.

"Hapana," nikasema. "Punda wangu hapakii mwalimu mara ya pili."

Mzee mmoja akasema, "Warya, ni mgeni."

"Si mgeni, adeer. Mgeni anaaga."

Mwalimu akashusha mguu. Akavua viatu vyake vya kung'aa, akafunga kamba, akavitundika shingoni, akakunja suruali. Akaingia majini nyuma ya mkokoteni. Katikati ya laga gurudumu likazama. Punda akasimama, mimi nikavuta, mkokoteni haukwenda. Nyuma nikasikia mtu anahema: Mwalimu alikuwa ameweka bega kwenye mbao, maji kwenye tai, anasukuma. Hodan naye alikuwa ameingia, bega kando ya bega lake, uniform yote matope. Karatasi yake ilikuwa juu pale. Walisukuma pamoja. Gurudumu likatoka.

Ng'ambo nikampa askari mfuko, mkavu, nikahakikisha kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu akapanda gari na miguu yake ya matope. Hodan akasimama dirishani, mvua inamtiririka, akamuuliza kwa adabu kabisa, kama mtoto anauliza kuhusu homework:

"Mwalimu, kesho?"

Akafungua mdomo. Nilijua kile kilichokuwa kinakuja, nilikijua kabla yeye hajakijua. Nikamshika Hodan mkono, nikampandisha mkokotenini, nikampiga punda fimbo ambayo hajawahi kupigwa. Kengele ikagonga, ko-ko-ko-ko, mpaka ndani ya maji. Kama alisema, aliwaambia askari.